Taa Moja ya Omena, Ripoti Mbili, na Ile ± Isiyosomwa na Mtu

Fundi mmoja wa Kondele, Kisumu, anayeunda taa za kuvulia omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, ana ripoti mbili za maabara kuhusu usumbufu wa redio unaotoka kwenye taa moja. Si taa mbili zinazofanana. Ni ileile, yenye mkwaruzo ubavuni, iliyofungwa kwenye katoni ikapelekwa maabara moja, kisha nyingine, zote mbali na Kisumu. Ripoti ya kwanza inasema taa imefaulu. Ya pili inasema imeanguka. Aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha lipa: "Omera, ndugu yangu, kati ya hawa wawili, nani mwongo?"

Hakuna mwongo. Maabara zote mbili zilifanya kazi safi, na mbaya zaidi kwa fundi wangu, matokeo yao yanakubaliana. Najua hilo linasikika kama maneno ya wakili, lakini ni hesabu tu, na si ngumu. Naiandika kwa sababu nimechoka kuona ripoti zikisomwa kama matokeo ya mpira: tumeshinda, tumeshindwa, twende nyumbani.

Kwanza taa yenyewe. Omena huvuliwa usiku, na kadiri usiku ulivyo mweusi ndivyo taa inavyowavuta vizuri. Mbalamwezi ikikomaa kazi hudorora. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa na kupampu. Siku hizi, kuanzia Usenge hadi Mbita, utaona taa za LED zikielea juu ya betri ya volti 12. LED zikipangwa mfululizo hutaka mkondo usioyumba, na betri huyumba, kwa hiyo katikati huwekwa konveta: saketi ndogo inayowasha na kuzima swichi mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ni mashine nzuri. Haipotezi umeme mwingi, haichomi betri. Lakini kila swichi inapojigeuza, volti huruka ghafla na saketi hutetemeka kidogo baada ya mruko huo, na mtetemo huo huwa wa makumi ya megahezi, mara nyingine mia na zaidi.

Mtetemo ukibaki ndani ya boksi hauna neno. Tatizo ni waya. Kutoka betri hadi taa, fundi wangu hutumia waya wa mita moja na nusu hivi, kwa sababu ndivyo mtumbwi ulivyo. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Nusu yake ni mita moja na nusu. Yaani bila kukusudia, ametengeneza antena karibu kamili ya redio ya FM, ambayo masafa yake ni kati ya megahezi 87.5 na 108. Wavuvi walilijua hilo kabla ya maabara yoyote: taa ikiwashwa, stesheni inakwaruza, ikizimwa, mtangazaji anarudi. Kwa mtu aliye majini usiku kucha, redio ni habari ya upepo, ni mpira, ni kinga ya usingizi.

Ndiyo maana kuna vikomo. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia usumbufu wa redio, CISPR, ilianzishwa mwaka 1934, wakati redio ilipokuwa ikiingia sebuleni na mota za umeme zikiiharibu. Hadi leo kipimo chake kikuu kimebeba alama ya enzi hiyo: detekta ya kwasi-piki, iliyoundwa ipime kero kama sikio linavyoihisi. Mlio unaopiga mara moja moja huhesabiwa mdogo kuliko unaopiga mfululizo, hata kama vilele vyao vina kimo sawa. Kwa vifaa vya makazi, kati ya megahezi 30 na 230, kikomo cha kawaida ukipima kutoka mita 3 ni desibeli 40 juu ya mikrovolti moja kwa mita. Kwa lugha ya moja kwa moja, mikrovolti 100 kwa mita. Kidogo mno.

Ripoti ya kwanza ilipata 38.4 kwenye megahezi 96. Ya pili ilipata 41.3 palepale. Ukizitoa kwenye desibeli, hizo ni kama mikrovolti 83 na 116 kwa mita. Moja chini ya mia, nyingine juu ya mia. Hapo ndipo fundi aliposoma akaishia. Chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, ripoti ya kwanza ilikuwa na mstari huu: shaka la kipimo lililopanuliwa, 4.9 dB (desibeli), k = 2. Ya pili ilikuwa nao pia, 5.1 dB. Mstari huo hauko pale kujaza ukurasa.

Maana yake ni hii. Maabara ya kwanza haisemi kwamba taa inatoa 38.4. Inasema: kwa vyombo vyetu, na kwa yote tunayoyajua kuhusu makosa yake, thamani ya kweli iko mahali fulani kati ya 33.5 na 43.3, na tuna imani ya takriban asilimia 95 juu ya hilo. Ya pili inasema kati ya 36.2 na 46.4. Tazama jinsi nafasi hizo mbili zinavyolaliana. Ile k = 2 ni kizidisho tu: walilichukua shaka la msingi, liitwalo shaka sanifu, wakalizidisha mara mbili ili imani ifike hapo kwenye asilimia 95. Utaratibu huu umo kwenye mwongozo wa kimataifa uliotoka mwaka 1993, ambao watu wa vipimo wote huuita GUM.

Swali la pili la fundi lilikuwa zuri kuliko la kwanza: mtu ana mashine ya mamilioni ya shilingi, anakosaje kwa desibeli 5? Ikumbukwe kwamba desibeli 6 za uga, yaani nguvu ya wimbi hewani, ni mara mbili. Ni kama kumwambia mteja kwamba kitambaa ni mita 10, ila labda ni 6, labda ni 18.

Jibu ni kwamba uga haupimwi moja kwa moja. Risiva, chombo kinachopokea ishara kutoka kwenye antena, husoma volti tu. Tuseme ilisoma 26.0. Kwenye hiyo unaongeza kigezo cha antena, yaani namba inayosema antena ile inageuza uga kuwa volti kwa kiasi gani kwenye masafa yale, tuseme 10.6. Halafu unaongeza kile kinacholiwa na kebo njiani, 1.8. Jumla 38.4. Kila moja ya namba hizo ilitoka kwenye cheti cha kalibresheni, na kila cheti kina shaka lake. Kisha kuna mambo ambayo hayana cheti kabisa.

Nitazipitia kwa namna zinavyoingia kwenye hesabu ya maabara ya kawaida, kwa sababu hapa ndipo mtu hujifunza pesa zake zinapotea wapi. Cheti cha antena kikisema ±2 dB kwa k = 2, shaka sanifu lake ni 1.0. Risiva yenyewe ikipima wimbi laini, ±1 dB, inatoa 0.5. Lakini risiva hiyohiyo ikipima mapigo kwa kwasi-piki inaruhusiwa kupotoka ±1.5 dB kwa ukubwa wa pigo na ±1.5 tena kwa kasi ya mapigo. Hapo hatujui lolote ndani ya ukingo, kila thamani ina nafasi sawa, kwa hiyo tunagawanya kwa kipeuo cha pili cha 3 tunapata 0.87 kwa kila moja ya hizo mbili. Kutolingana kwa antena na risiva kunasababisha mawimbi kurudi nyuma ndani ya kebo. Kosa hilo lina tabia ya ajabu, hupenda kukaa kwenye kingo kuliko katikati, na hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Likiwa karibu ±0.95 linatoa 0.67. Kebo, 0.1. Umbali wa mita 3 usipopimwa sawasawa, 0.17.

Halafu jitu lenyewe: eneo la kupimia. Maabara hizi zina chemba yenye kuta za kumeza mawimbi na sakafu ya chuma. Antena hupandishwa kutoka mita 1 hadi 4 na meza huzungushwa ili kilele kisiponyoke. Kuta hazimezi kila kitu. Kanuni inakubali chemba ikiwa upotevu wa mawimbi ndani yake haupishani na nadharia kwa zaidi ya ±4 dB. Nne! Ukizichukulia kwa mgawanyo wa pembetatu, yaani katikati pana nafasi kubwa kuliko kingoni, unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 6, unapata 1.63.

Hatuzijumlishi hivihivi. Ukizijumlisha utapata karibu 5.8, na hiyo ingekuwa kweli tu kama makosa yote yangeamua siku hiyo kuvuta upande mmoja. Makosa yasiyojuana hayafanyi njama. Unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha miraba hiyo, unatafuta kipeuo cha pili. Miraba hii inafika 5.9; kipeuo chake 2.43, mara mbili, 4.9. Ndiyo namba iliyokuwa chini ya ripoti.

Sasa angalia miraba hiyo tena. Eneo peke yake ni 2.67 kati ya 5.9, karibu nusu ya yote. Kebo ni 0.01. Nimewahi kukaa na watu waliotaka kununua kebo ya bei ya pikipiki ili "kupunguza makosa". Ukiwa na kebo ya malaika, 4.9 itabaki 4.9. Ukiwa na chemba ya malaika, inashuka hadi 3.6. Hesabu hii ya nusu ukurasa inakuambia pa kuweka shilingi, na bado maabara nyingi huifanya mara moja, kwa ajili ya mkaguzi, kisha inafungiwa kwenye faili.

Turudi kwa mgogoro. Ripoti mbili zimepishana kwa 2.9 dB. Je, hiyo ni nyingi? Njia inayotumika maabara zinapolinganishwa ni kugawanya tofauti kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya mashaka yao. Miraba ya 4.9 na 5.1 inafika 50, kipeuo chake ni 7.1. Mbili nukta tisa gawanya kwa 7.1 ni 0.41. Ikiwa chini ya 1, zimekubaliana. Hizi hazikufika hata nusu. Kama ripoti hizi mbili zingekuwa mtihani wa maabara badala ya mtihani wa taa, zote zingefaulu bila mjadala. Ukizichanganya kwa uzani wa mashaka yao unapata 39.8, jumlisha au toa 3.5. Taa hii haiko chini ya mstari wala juu yake. Imeketi juu ya mstari.

Hapa fundi alikunja uso. "Kama ni hivyo, hiyo 'imefaulu' ni ya nini?"

Ni makubaliano. Na hapa ndipo watu wa vipimo wenyewe huwa hawapendi kusema waziwazi. Mtu akija soko la Kibuye kununua mahindi kwa gorogoro, anajua bati lile si kamili. Lina kibonyeo, na muuzaji ana mkono wake wa kusawazisha juu. Lakini sokoni pana bati linalokubalika, na kibonyeo cha kawaida kimeshaingia kwenye bei. Ukizidi hapo, wanunuzi watadai uongeze kiganja. CISPR imefanya hivyohivyo. Katika waraka wake wa 16-4-2 imeandika shaka linalokubalika kwa kila aina ya kipimo. Kwa uga kati ya megahezi 30 na 1000 kwenye chemba za namna hii ni 6.3 dB. Kwa usumbufu unaopita kwenye nyaya za umeme, kati ya kilohezi 150 na megahezi 30, ni 3.4 dB. Shaka la maabara yako likiwa chini ya hapo, unalinganisha namba yako na kikomo bila kuongeza wala kupunguza. 38.4 imefaulu. 41.3 imeanguka. Basi. Likizidi, unaongeza tofauti kwenye matokeo. Maabara yenye shaka la 7.5 inapaswa kuongeza 1.2 kwenye kila namba, kwa hiyo taa yenye 39.1 kwao inakuwa 40.3 na inaanguka. Uzembe wa maabara unalipwa na mteja wake, jambo ambalo mteja huyo angepaswa kulijua kabla ya kulipa.

Zipo kanuni nyingine kali zaidi. Unaweza kuweka uzio wa usalama: toa shaka lote kwenye kikomo, na asiyepita 35.1 hajafaulu. Kwa kanuni hiyo hakuna ripoti hata moja ya fundi wangu ambayo ingepita. Wanaopima vitu vya hatari hutumia uzio, na sawa kabisa. Kwa usumbufu wa redio, uamuzi ulikuwa kugawana hatari: mtengenezaji hapewi mzigo wote wa shaka, na msikilizaji hapewi wote. Mimi naona ni uamuzi wa haki. Kikomo chenyewe ni makadirio ya umbali kati ya kifaa cha mtu na redio ya jirani, ya nguvu ya stesheni, ya bahati ya masafa. Kukiwekea uzio wa desibeli 5 kungemfukuza sokoni fundi mdogo kabla hajaanza, na redio ya mvuvi isingesikika vizuri zaidi ya hapo kwa kiasi cha kutosha kulipia hasara hiyo.

Lakini kugawana hatari si kuifuta. Kwa ripoti ya kwanza, ile iliyofaulu, tukichukulia mgawanyo wa umbo la kengele, kuna kama nafasi moja katika nne kwamba taa imevuka kikomo. Kwa ile iliyoanguka, kuna kama nafasi tatu katika kumi kwamba iko chini yake. Mtu anayetembea na ripoti ya kwanza akizificha hizo nafasi hajavunja sheria yoyote. Anayeitupa ya pili na kubaki na ya kwanza, kisha akaiandika kwenye tangazo, huyo mimi nina neno naye. Ukipima mara nyingi vya kutosha taa iliyoketi juu ya mstari, siku moja utapata karatasi unayoitaka. Kununua ripoti mpaka ifae ni biashara, na wapo wanaoifanya.

Kuna jambo lingine ambalo ile ±4.9 hailigusi kabisa, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi. Shaka hilo ni la vyombo na eneo tu. Halijumuishi jinsi fundi wa maabara alivyoulaza waya. Kumbuka waya wetu ndio antena. Ulazwe juu ya meza umeviringwa, uachwe uning'inie kuelekea sakafu ya chuma, betri iwe juu au chini, na namba ya megahezi 96 inaweza kuhama kuliko tofauti yote tunayogombania. Nilipoomba picha za siku ya kipimo, ambazo maabara nzuri huziweka ndani ya ripoti, niliona waya umelazwa tofauti kabisa. Kwenye ya kwanza umekunjwa na kufungwa kwa kibanio. Kwenye ya pili umenyooshwa kama ulivyo mtumbwini. Siwezi kuapa kwamba hapo ndipo 2.9 ilipozaliwa, hesabu imeshaonyesha haihitaji sababu. Lakini kama ningeulizwa ni ripoti gani inamfaa mvuvi, ni ya pili, iliyoanguka.

Waraka huohuo wa CISPR ulianza na 5.2 dB katika toleo la 2003, ukapanda hadi 6.3 katika toleo la 2011. Vyombo havikuharibika katikati. Waliohesabu waliingiza vyanzo ambavyo mwanzoni havikuwamo. Ninalipenda hilo. Namba ya shaka ikipanda mara nyingi maana yake ni kwamba watu wameanza kuona walichokuwa hawaoni, na mkaguzi anayemsifu mwenye shaka dogo kuliko wote bila kuuliza amehesabu nini anakaribisha uongo.

Tulipoacha kubishana tukarudi Kondele, swali likawa la kawaida: tushushe vipi? Hatuna chemba. Uwanja wa wazi haufai, kwa sababu mjini Kisumu masafa ya FM yamejaa stesheni na 96 MHz ya taa inazama chini yake. Kama ungejaribu kupima 40 hapo ungekuwa unapima muziki.

Ila kuna siri moja nzuri kwenye hesabu ile ya mashaka, na kwa fundi asiye na pesa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sehemu kubwa ya makosa haibadiliki kati ya kipimo cha asubuhi na cha mchana. Kibanio cha kupimia mkondo kikiwa na kosa la desibeli 2, kitakuwa nalo kabla na baada. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, kosa hilo linajifuta. Huwezi kujua Kondele kama taa inatoa 38 au 41. Unaweza kabisa kujua kama imeshuka kwa 6, kwa shaka la desibeli moja hivi, ukiacha kila kitu mahali pake na kubadilisha kimoja tu. Kwa hiyo tulifunga kibanio kwenye waya na kuuangalia mkondo unaokimbia kwenye nyaya zote mbili upande mmoja, ule usio na njia ya kurudi ila hewani. Mikroampea chache tu za mkondo huo zinatosha kumfikisha mtu kwenye kikomo.

Kazi yenyewe haikuwa ya kusisimua. Kapasita ya kuingilia ilisogezwa hadi mguuni pa swichi badala ya kukaa mwisho wa bodi, ili njia ya mkondo mkali iwe fupi. Rezista ndogo iliongezwa kwenye geti, mguu unaoiamrisha swichi, ili swichi isiruke kwa kasi isiyo na maana. Joto lilipanda kidogo, tukakubali. Kisha pete ya feraiti, inayouzuia mkondo huo, ikawekwa waya unapotoka ndani ya boksi, si upande wa betri alikokuwa ameiweka kwa sababu huko inaonekana vizuri. Mkondo ulishuka kwa desibeli 8 na ushee. Kila badiliko lilipimwa peke yake na kurudiwa, taa ikizimwa na kuwashwa katikati, kwa sababu tofauti ya nusu desibeli kwenye meza ya jua kali inaweza kuwa ni mkono wangu tu.

Fundi alitaka kurudi kwenye maabara ya kwanza, iliyompa habari njema. Nilimwambia aende ya pili, na waya ubaki umenyooshwa. Namba iliyorudi ni 33.2, na chini yake 5.1 ileile. Ukiongeza shaka lote juu unapata 38.3. Hata kwa kanuni ya uzio amepita.

Kabla ya kulipa safari hii aliuliza maabara maswali matatu kwa simu, na nafikiri kila mwenye kifaa angeyauliza: shaka lenu ni ngapi kwa kipimo hiki na kwenye masafa haya, mnatumia kanuni gani ya uamuzi, na ithibati yenu inafunika kipimo hiki hasa au kingine. ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017, kiwango cha kimataifa cha maabara, inaitaka maabara iafikiane na mteja kuhusu kanuni ya uamuzi pale inapotamka faulu au anguka, na kwetu KENAS, taasisi ya ithibati ya Kenya, ndiyo inayotoa ithibati hiyo. Aliyepokea simu alinyamaza kidogo, kisha akampitisha kwa mtu mwingine, ambaye alijibu yote bila kusita. Ishara nzuri.

Kinachobaki bado hatujakimaliza. Taa iliyopimwa ni moja, na fundi anatengeneza kwa mafungu. CISPR kwa bidhaa zinazotoka kwa wingi inataka uwe na imani ya asilimia 80 kwamba asilimia 80 ya bidhaa ziko ndani ya kikomo, na ukiwa na sampuli moja tu, nafasi uliyoacha chini ya kikomo ndiyo inayokusemea. Desibeli 6.8 zake, yaani 40 toa 33.2, zilionekana nyingi mpaka koili za fungu lililofuata zilipotoka kwa muuzaji mwingine, zikiwa na rangi nyingine na uzito mwingine. Feraiti nayo inaongeza bei ya kila taa, na pale sokoni kuna taa isiyo na feraiti, isiyo na ripoti, inayouzwa kwa bei ya chini. Anataka kuiondoa pete kwenye taa ndogo za waya mfupi. Nimemwambia tuupime mkondo kwanza, taa kadhaa za koili mpya zikiwa na pete na bila pete, halafu tuone kama hizo 6.8 zimebaki ngapi.